Weusi Chini ya Macho: Mwongozo Kamili wa Kuuzuia na Kuupunguza kwa Njia za Asili

Hakuna sehemu ya mwili yenye ngozi nyembamba kuliko kope. Unene wake ni takribani nusu milimita, na chini yake hakuna tabaka la mafuta kama lile linaloujaza uso mashavuni. Kwa hiyo mambo ambayo shavu huyaficha bila taabu, kama vile rangi ya damu ipitayo kwenye vena ndogo (mishipa inayorudisha damu moyoni), maji yaliyotuama usiku kucha, au kivuli cha mfupa, hapo chini ya jicho hujitokeza waziwazi. Mwenye weusi huo huulizwa na kila anayekutana naye kama anaumwa au kama hakulala, hata siku ambazo amelala vizuri na hana ugonjwa wowote, na swali hilo likirudiwa mara nyingi huumiza.

Walio wengi hukata tamaa baada ya kujaribu njia za asili kwa wiki kadhaa bila kuona mabadiliko. Kwa maoni yangu, tatizo mara nyingi haliko kwenye njia yenyewe bali kwenye kuitumia kwa weusi usiohusika nayo. Kitambaa baridi hakiwezi kufuta rangi ambayo mtu ameirithi kwa wazazi wake, wala kofia pana haiwezi kushusha uvimbe uliotokana na chumvi ya chakula cha jioni. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na utambuzi kabla ya kutaja kitu chochote cha kupaka, na ninamsihi msomaji asiiruke hatua hiyo ya kwanza.

Hatua ya kwanza: tambua weusi wako ni wa aina gani

Osha uso, ondoa vipodozi vyote, kisha simama mchana mbele ya dirisha, mwanga ukikuangukia usoni kutoka mbele na si kutoka juu. Shika kioo usawa wa macho na ufanye majaribio matatu.

Jaribio la kwanza ni la kuvuta. Weka kidole kwenye shavu, chini kidogo ya mahali weusi unapoishia, uivute ngozi taratibu kwenda chini. Ikiwa rangi inabaki ile ile na kusogea pamoja na ngozi, weusi huo umo ndani ya ngozi yenyewe, yaani unatokana na melanini, ile chembechembe inayoipa ngozi rangi. Ikiwa rangi inazidi kukolea na kuelekea zambarau, inayoonekana ni mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi, kwa kuwa kuivuta ngozi kumeifanya iwe nyembamba zaidi. Ikiwa weusi unapungua au kutoweka kabisa, basi ulikuwa kivuli tu, na chanzo chake ni umbo la uso.

Jaribio la pili ni la kubonyeza. Gusa eneo hilo kwa ncha ya kidole kwa sekunde tatu au nne bila kutumia nguvu, kisha uachie. Rangi itokanayo na damu hufifia kwa muda mfupi kabla ya kurudi, ilhali rangi ya melanini haijali kubonyezwa. Jaribio la tatu ni la mwanga: inua kidevu polepole, kisha geuka kushoto na kulia mbele ya dirisha. Kivuli hubadilika kadiri mwanga unavyobadili upande. Rangi halisi haibadiliki.

Weusi wa melanini huwa wa hudhurungi, huonekana chini ya macho yote mawili, na kwa baadhi ya watu hupanda hadi kope za juu. Hutokea sana kwa watu wenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, mara nyingi huonekana kwa ndugu kadhaa wa familia moja, na huzidishwa na jua pamoja na kusugua macho. Weusi wa mishipa huwa na rangi ya bluu, zambarau au wekundu uliofifia, na hubadilika kutoka siku hadi siku. Aghalabu huwa mkali asubuhi, wakati wa mafua, au baada ya usiku mbaya. Weusi wa kivuli hutokana na lile bonde dogo linaloanzia pembe ya ndani ya jicho na kushuka kwa mshazari kuelekea shavuni, au na mifuko ya mafuta iliyojitokeza chini ya jicho. Bonde hilo huongezeka kina kadiri umri unavyosonga, kwa sababu mafuta ya usoni hupungua na kolajeni inayoikaza ngozi hupotea kidogo kidogo.

Watu wengi wana mchanganyiko wa aina mbili, na wengine wana zote tatu. Hilo lisikuchanganye. Andika mahali fulani ni aina ipi inayotawala, kwa sababu ndiyo itakayokuambia ni hatua gani hapa chini inastahili jitihada zako zaidi. Anayeona kivuli kitupu ajue mapema kwamba njia za asili zitamsaidia kidogo tu, hasa kwa kupunguza uvimbe unaokizidisha kivuli hicho; kuujua ukweli huu mwanzoni kutamwepusha na miezi ya kupaka vitu visivyoweza kumfaa.

Hatua ya pili: uzuie mkono wako

Kama ningeruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu kuhusu jambo hili, ningemwambia msomaji aache kusugua macho. Tabia hiyo haionekani na anayeifanya, kwa kuwa mkono huenda jichoni wenyewe wakati wa uchovu, wa kusoma, au mara tu mtu anapoamka, na kila msuguo huacha mchomo mdogo kwenye ngozi ile nyembamba. Ngozi iliyochomwa hujitetea kwa kutengeneza melanini zaidi, na melanini hiyo hubaki hata baada ya mchomo kupoa. Mtu anayesugua macho kila siku kwa miaka huwa anajipaka weusi kwa mkono wake mwenyewe.

Mara nyingi nyuma ya kusugua kuna mwasho, na nyuma ya mwasho kuna mzio. Mzio huleta weusi kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, mwili hutoa kemikali iitwayo histamini, ambayo huitanua mishipa midogo ya damu na kuyafanya macho yawashe. Pili, utando wa ndani ya pua huvimba na kuzibana vena zinazopokea damu kutoka eneo la macho, hivyo damu husafiri polepole, hujikusanya chini ya kope, na kuonekana kama kivuli cha bluu. Mtoto ambaye pua yake huziba mara kwa mara, anayepumua kwa mdomo usiku na mwenye weusi chini ya macho, huenda halali saa chache kama wazazi wanavyodhani. Huenda ana mzio ambao haujatambuliwa.

Anza kwa kuondoa kinachowasha. Foronya na mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60 hivi, kwa kuwa joto hilo huwaua wadudu wadogo wa vumbi ambao hawaonekani kwa macho. Ukirudi nyumbani kutoka mahali penye vumbi au chavua, nawa mikono na uso kwanza, na ikiwezekana osha nywele kabla ya kulala, kwa sababu kilichonasa kwenye nywele huhamia kwenye mto na kutoka hapo huingia machoni. Mnyama wa kufugwa asilale chumbani mwa mtu mwenye mzio. Pua ikiziba, kuisafisha kwa maji ya chumvi husaidia sana, lakini maji hayo lazima yawe yamechemshwa angalau dakika moja na kuachwa yapoe. Maji ya bomba yasiingizwe puani jinsi yalivyo, kwa kuwa yanaweza kubeba vimelea hatari.

Mwasho ukija licha ya hayo yote, usipambane nao kwa vidole. Lowanisha kitambaa safi kwa maji baridi, kikamue, ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano hadi kumi. Ubaridi hutuliza mwasho na huipa mikono kazi nyingine. Wanaosugua macho usingizini wanaweza kuvaa kinyago laini cha kulalia, ambacho kinafaa kufuliwa mara nyingi kama foronya.

Wanaotumia vipodozi wachunguze mambo mawili. La kwanza ni namna ya kuviondoa: pamba iliyoloweshwa kwa kiondoa vipodozi au mafuta iwekwe juu ya jicho lililofumbwa na kushikiliwa hapo kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka rangi ilainike, kisha ipitishwe mara moja tu bila kukandamiza. La pili ni kwamba ukurutu wa kope huweza kusababishwa na kitu ambacho hakipakwi kwenye kope kabisa. Rangi ya kucha ni mfano mmojawapo, kwani vidole vya mikono kwa kawaida vinaweza kustahimili kemikali zake, ilhali ngozi ya kope haistahimili vidole hivyo vinapoigusa. Ikiwa kope zako zinachubuka na kuwa nyeusi bila sababu unayoijua, acha rangi ya kucha, manukato na vipodozi vya macho kwa wiki tatu au nne, kisha urudishe kimoja kimoja. Wanja nao uchaguliwe kwa uangalifu, maana baadhi ya wanja zimekutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Hatua ya tatu: usingizi, na jinsi unavyolaza kichwa

Usingizi husifiwa kupita kiasi kama dawa ya weusi wa macho, lakini sifa hiyo si ya bure. Mwaka 2013 watafiti wa Stockholm, Uswidi, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu 10 walipigwa picha mara mbili, mara moja baada ya kulala usiku mzima na mara nyingine baada ya kukesha kwa saa 31, kisha watazamaji 40 wakaombwa wazipime picha hizo. Waliokesha walionekana kuwa na kope zilizolegea, macho mekundu na yaliyovimba, na weusi zaidi chini ya macho. Sababu zinajulikana: ngozi ya mtu aliyekesha huwa imepauka, hivyo mishipa iliyo chini yake huonekana zaidi, na maji hutuama kuzunguka macho.

Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi kumi. Njia iliyo rahisi kuifuata ni kuamka saa ile ile kila siku, hata siku za mapumziko, kwa kuwa saa ya kuamka isiyobadilika huivuta saa ya kusinzia kuja mahali pake baada ya siku chache. Kafeini, iwe ya kahawa, ya chai au ya vinywaji vya kuongeza nguvu, isinywewe ndani ya saa sita kabla ya kulala. Simu na runinga vizimwe mapema, kwa sababu mwanga wake hukawiza usingizi, na zaidi ya hapo kwa sababu vinakula saa zenyewe za kulala.

Mkao wa kulala unawahusu hasa wanaoamka na uvimbe. Mtu akilala kifudifudi au kichwa kikiwa sawasawa na mwili, maji hukusanyika chini ya macho usiku kucha. Kuongeza mto wa pili, au kuinua upande wa kichwani wa kitanda kidogo, huyasaidia maji hayo kushuka, na kulala chali huyagawa vizuri zaidi. Wapo wanaolala saa nane kamili na bado huamka wamechoka, macho yamezama, na wenzao husema kuwa wanakoroma kwa nguvu na hata kukatika pumzi. Hao hawahitaji mto mwingine. Wanahitaji daktari awachunguze kama pumzi inakwama usingizini.

Hatua ya nne: kinga dhidi ya jua

Kwa mwenye weusi wa melanini, hatua hii ina uzito kuliko zote zinazohusu kupaka, na ndiyo inayopuuzwa zaidi na wale walio na ngozi nyeusi, kwa imani kwamba ngozi yao haihitaji kinga. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi haiungui upesi, lakini hujibu miale ya jua kwa kuongeza melanini, na mahali palipokwisha kuwa peusi huongezewa zaidi ya pengine. Anayepaka vitu vya kupunguza weusi usiku na kutembea juani mchana bila kinga hujaza mtungi unaovuja.

Kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua ndiyo kinga ya asili kabisa. Miwani iwe mikubwa kiasi cha kufunika eneo lote la chini ya jicho, na iwe na alama ya UV400, yaani inayozuia miale ya jua ya urujuanimno, kwa kuwa vioo vyeusi visivyo na kinga hiyo hupanua mboni na kuingiza miale mingi zaidi. Mafuta ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) ya 30 au zaidi yapakwe kila asubuhi na kurudiwa kila baada ya saa mbili kwa anayeshinda nje. Kwa ajili ya macho, chagua yale yenye oksidi ya zinki au dioksidi ya titani, ambayo ni madini yanayokaa juu ya ngozi na kwa kawaida hayachomi jicho kama mengine. Kwa ngozi nyeusi yanafaa zaidi yale yaliyotiwa rangi, kwani oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao huweza kuongeza weusi. Yapakwe kwa kidole cha pete, kidole ambacho hakina nguvu nyingi, kwa kugusagusa juu ya mfupa unaozunguka jicho bila kuifikia kingo ya kope.

Hatua ya tano: chumvi, pombe na tumbaku

Chumvi hushikilia maji mwilini, na maji hayo huonekana mapema chini ya macho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyomo kwenye vyakula vya viwandani, vipande vikavu vya kuungia mchuzi na vitafunwa vya pakiti. Mwenye kuvimba macho asubuhi ajaribu kula chakula cha jioni chenye chumvi kidogo kwa siku saba mfululizo. Tofauti ikiwepo, ataiona.

Pombe hutanua mishipa, hukausha mwili na kuuvunja usingizi wa usiku. Tumbaku huharibu kolajeni, na ngozi iliyopoteza kolajeni huwa nyembamba zaidi na kuionesha mishipa. Kuhusu maji ya kunywa, kunywa kwa kadiri ya kiu na ya joto la siku kunatosha. Aliyepungukiwa maji hupata macho yaliyozama, lakini kunywa kupita mahitaji hakufuti weusi.

Hatua ya sita: chunguza damu kabla ya kununua vidonge

Upungufu wa damu hauzalishi weusi wenyewe, bali huipausha ngozi hadi mishipa ya chini ya macho ionekane. Ukiambatana na kuchoka upesi, kuishiwa pumzi unapopanda ngazi, mapigo ya moyo ya kasi au hamu ya kula barafu na udongo, unapaswa kushukiwa, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi nzito na kwa wajawazito. Kipimo ni rahisi: himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, au chini ya gramu 13 kwa mwanamume, huhesabiwa kuwa upungufu wa damu.

Kwa upande wa chakula, maini, nyama nyekundu, samaki, maharage, dengu na mboga za majani za kijani kibichi ndivyo vyanzo vya madini ya chuma. Madini yatokayo kwenye mimea hunyonywa kwa shida, lakini vitamini C huyasaidia, kwa hiyo maharage yaliyoliwa pamoja na chungwa, pilipili hoho au nyanya huujenga mwili zaidi ya maharage matupu. Chai na kahawa hufanya kinyume chake. Zisogezwe angalau saa moja mbali na mlo. Vidonge vya madini ya chuma visimezwe kwa kubahatisha, kwa sababu chuma ikizidi hudhuru ini, na moyo pia.

Hatua ya saba: vitu vya kuweka na kupaka

Nimeviweka huku nyuma kwa makusudi, kwa kuwa vinasaidia yule aliyekwisha kuzishughulikia hatua zilizotangulia. Kabla ya kupaka kitu chochote kipya karibu na jicho, kipake kidogo kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa muda wa siku saba. Kikiwasha, kikivimbisha au kuacha wekundu, hakifai jichoni hata kama kimemfaa mwingine.

Ubaridi ndio msaada wa haraka kwa weusi wa mishipa na uvimbe. Kitambaa kilicholowa maji baridi, au kijiko kilichowekwa kwenye friji kwa dakika 15, kiwekwe juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika kama kumi. Mishipa husinyaa, uvimbe hushuka, na macho huonekana maangavu kwa saa chache. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, kwa kuwa inaweza kuiunguza.

Vifuko vya majani ya chai, nyeusi au ya kijani, huenda vikawa na nguvu kidogo zaidi ya ubaridi mtupu kwa sababu kafeini iliyomo inaweza kuisaidia mishipa kusinyaa. Viloweshe viwili kwa maji ya moto kwa dakika tatu, vikamue, viweke kwenye friji hadi vipoe kabisa, kisha uviweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 10 hadi 15. Usitumie vyenye manukato au viungo, na usivirudie siku ya pili, kwani kifuko kilicholowa hukaribisha bakteria.

Tango nalo lina heshima yake, ingawa linachofanya kwa hakika ni kupoza na kulowesha, maana karibu asilimia 95 yake ni maji. Vipande vya kiazi kibichi vinasifiwa kwamba hung'arisha ngozi. Mimi naamini faida yake ni ile ile ya ubaridi, na tango lina usumbufu mdogo.

Ngozi iliyokauka huonesha mikunjo midogo, na mikunjo huzidisha weusi, kwa hiyo kuilainisha usiku ni kazi yenye maana. Utomvu mweupe, mwororo, wa ndani ya jani la mshubiri unafaa, mradi ule ute wa njano unaotoka karibu na ganda uachwe utiririke wote na jani lioshwe, kwa sababu huwasha. Mafuta ya lozi au ya nazi yanatosha kwa kiasi cha tone moja kwa macho yote mawili. Zaidi ya hapo huingia machoni na kutia ukungu, na kwa watu wengine huchangia vipele vidogo vyeupe. Mwenye mzio wa karanga na jamii zake aachane na mafuta ya lozi. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, ingawa hayatokani na mmea, yana utulivu ambao ngozi yenye ukurutu huupokea vizuri kuliko mengi yaitwayo ya asili.

Vitu ambavyo havifai kabisa

Neno asili halina maana ya usalama. Juisi ya limau au ndimu ina tindikali kali inayoichoma ngozi nyembamba, na ikibaki juu ya ngozi wakati wa jua huleta muwasho unaoacha madoa meusi kwa wiki au miezi, yaani tatizo lile lile ambalo mtu alitaka kuliondoa. Magadi soda huivuruga kinga ya juu ya ngozi. Dawa ya meno, ambayo wengine huipaka kwa sababu ya ubaridi wake, huchoma na kuchubua. Binzari ya manjano hupaka rangi inayochukua siku kadhaa kutoka, na baadhi ya watu huvimba wakiitumia karibu na macho. Kusugua kwa sukari au chumvi kusifanyike chini ya jicho kwa hali yoyote.

Zaidi ya vyote, ninawaomba wasomaji waepuke mikorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zisizo na maelezo ya viambato huwa na steroidi zenye nguvu (dawa za kutuliza mchomo wa ngozi), haidrokwinoni (kemikali inayozuia melanini) au zebaki. Steroidi huifanya ngozi ya kope kuwa nyembamba zaidi, hivyo baada ya wiki chache za furaha mishipa huonekana kuliko mwanzo, na zikitumika kwa muda mrefu karibu na macho zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Haidrokwinoni ikitumiwa miezi mingi bila uangalizi inaweza kuacha weusi wa bluu usiotoka. Zebaki huharibu figo, na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki uliokubaliwa mwaka 2013, uliilenga hata katika vipodozi.

Hatua ya nane: pima kwa picha, kisha uamue

Kioo cha kila siku hudanganya, kwa kuwa jicho huyazoea mabadiliko ya polepole. Piga picha siku ya kwanza, mbele ya dirisha lile lile, saa ile ile ya mchana, bila vipodozi, kisha urudie kila baada ya wiki mbili. Uvimbe na weusi wa mishipa huweza kupungua ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Melanini inahitaji subira zaidi, kwa sababu ngozi ya mtu mzima hujibadilisha kwa takribani wiki nne au zaidi, na muda huo hurefuka kadiri umri unavyoongezeka. Usitoe hukumu kabla ya wiki nane hadi kumi na mbili za kukinga jua na kutosugua.

Wakati wa kumwona daktari

Baada ya wiki kumi na mbili bila mabadiliko, daktari wa ngozi anaweza kuthibitisha aina ya weusi na kueleza matibabu mengine. Usingoje muda huo ikiwa weusi au uvimbe umetokea upande mmoja tu, umekuja ghafla, una maumivu, au umeambatana na kuona kwa shida. Uvimbe wa macho wa kila asubuhi unaofuatana na kuvimba miguu au mkojo wenye povu unahitaji kipimo cha figo. Macho yaliyovimba pamoja na uchovu, kuhisi baridi na kuongezeka uzito ni sababu ya kupima tezi ya thairoidi. Anayetumia matone ya presha ya macho kama latanoprost au bimatoprost ajue kwamba matone hayo yenyewe yanaweza kuifanya kope iwe nyeusi na jicho lizame. Amweleze daktari wake, lakini asiyaache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa presha hiyo ikipanda hupofusha.

Weusi kama wa jeraha unaotokea kuzunguka macho yote mawili saa chache hadi siku mbili au tatu baada ya kugonga kichwa unaweza kuwa dalili ya kuvunjika kwa mfupa wa sehemu ya chini ya fuvu, na mtu huyo apelekwe hospitali mara moja. Mtoto mdogo mwenye michubuko kuzunguka macho bila kuumia popote, hasa jicho likionekana kutokeza, naye aonwe na daktari siku hiyo hiyo.